Nani anakufa, nani haonekani: kusoma ujumbe uliofichika katika filamu za vita

Filamu ya vita huzungumza kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni maneno ya wahusika: amri, hotuba, viapo, matusi ya handakini. Ya pili ni namna filamu yenyewe ilivyoundwa: kamera imekaa upande wa nani, inamtazama nani anapokufa na kwa muda gani, muziki unaingia wapi, hadithi inakomea wapi, na watu gani hawakuonyeshwa kabisa. Njia hizi mbili si lazima zikubaliane. Jenerali anaweza kusifia ushujaa wa vijana wake tangu mwanzo hadi mwisho wa onyesho, ilhali picha inayomzunguka inamkanusha neno kwa neno. Ujumbe wa kupinga vita mara nyingi hukaa katika njia hiyo ya pili, na mtazamaji anayefuata tu nani kampiga nani huupita bila kuuona.

Kufichwa kwake kuna sababu. Filamu inayopinga vita waziwazi huwaudhi watu wenye uwezo wa kuizuia. Mwaka 1930 Lewis Milestone alitoa nchini Marekani filamu ya All Quiet on the Western Front, iliyotokana na riwaya ya Mjerumani Erich Maria Remarque. Inawahusu wanafunzi waliotolewa darasani na hotuba tamu za mwalimu wao kuhusu uzalendo, wakaenda kufia mahandakini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilipoanza kuonyeshwa Berlin mwezi Desemba mwaka huohuo, wafuasi wa chama cha Nazi wakiongozwa na Joseph Goebbels waliingia ukumbini, wakatupa mabomu ya uvundo na kuachia panya weupe katikati ya watazamaji. Onyesho likavunjika, na siku chache baadaye filamu ikapigwa marufuku Ujerumani. Mwaka 1933 vitabu vya Remarque vilikuwa miongoni mwa vile vilivyochomwa moto hadharani. Hata nchi isiyo ya kidikteta ina mahali inapouma: Paths of Glory ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1957 na kuonyesha askari wa Ufaransa wakiuawa na jeshi lao wenyewe, haikuonyeshwa Ufaransa hadi 1975.

Zana nazo ni kizuizi. Vifaru, ndege na manowari haviokotwi. Mara nyingi huazimwa jeshini, na jeshi husoma kwanza muswada wa filamu kabla ya kutoa chochote. Jeshi la wanamaji la Marekani liliisaidia Top Gun ya 1986 kwa ndege za kivita na manowari ya kubebea ndege. Francis Ford Coppola alipoandaa Apocalypse Now, filamu ya 1979 kuhusu vita vya Vietnam, alinyimwa msaada wa namna hiyo. Akatumia helikopta za jeshi la Ufilipino la Rais Ferdinand Marcos, na mara nyingine helikopta hizo ziliondolewa katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi wa kweli. Mtengenezaji wa filamu anayejua hayo hujifunza kupitisha neno lake mlango wa uani.

Mlango uliozoeleka zaidi ni kuhamisha vita. Mwaka 1970, wakati vijana wa Marekani wakiendelea kufa Vietnam, Robert Altman alitoa M*A*S*H, hadithi ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea vya miaka ya 1950. Altman alijitahidi kuondoa alama zinazoitaja Korea ili mtazamaji aione Vietnam. Kampuni ya filamu iling'amua, ikadai yawekwe maandishi mwanzoni yanayosema kuwa hapo ni Korea. Maandishi hayo hayakubadilisha kitu; kila mtu aliyeingia ukumbini alijua ni damu ya vita vipi iliyotapakaa kwenye meza za upasuaji. Japani ilikuwa imekwenda mbali zaidi mwaka 1954 na kuvihamishia vita kwa dude la baharini. Godzilla anaamshwa na majaribio ya bomu la haidrojeni, na filamu yake ilitoka miezi michache tu baada ya wavuvi wa mashua ya Daigo Fukuryu Maru kunyeshewa majivu yenye mionzi ya bomu ambalo Marekani ililipua katika kisiwa cha Bikini Machi 1 mwaka huo. Kuna onyesho la hospitali iliyojaa majeruhi ambapo kifaa cha kupimia mionzi kinapitishwa mbele ya mtoto mdogo na daktari anatikisa kichwa. Watu waliopitia Hiroshima na Nagasaki miaka tisa nyuma hawakuhitaji maelezo. Toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Wamarekani mwaka 1956 lilimwingiza mwandishi wa habari wa Kimarekani na kukata sehemu kubwa ya mazungumzo kuhusu bomu; likabaki dude.

Anayetaka kusoma filamu ya vita hufaidika akianza na vitu kabla ya watu. Katika All Quiet ya Milestone kuna jozi ya buti za ngozi laini. Mwenyewe, kijana Kemmerich, amelazwa hospitali, amekatwa mguu na bado hajajua vizuri. Rafiki yake Müller anakuja kumtazama na macho yake hayatoki kwenye zile buti. Kemmerich anakufa, Müller anazipata, na kuanzia hapo kamera inaacha nyuso na kufuata miguu: buti zikipiga paredi, zikipanda kutoka handakini, kisha mvaaji anaanguka. Buti zinapata mvaaji mwingine. Naye anaanguka. Hakuna anayelia na hakuna anayehutubia, na onyesho zima halichukui muda mrefu, lakini mtazamaji ameshaambiwa kwamba jeshi linathamini ngozi ya ng'ombe kuliko ngozi ya kijana aliyeivaa.

Edward Berger, Mjerumani aliyeitengeneza upya hadithi hiyo mwaka 2022, aliliendeleza wazo hilo kwa namna ya kutisha zaidi. Filamu yake inaanza na askari anayeitwa Heinrich akikimbilia shambulizi. Hatumwoni akizikwa vizuri; tunaiona kombati yake. Inavuliwa maitini, inafungwa marobota pamoja na nyingine nyingi, inachemshwa kwenye mapipa ya maji yanayogeuka mekundu, inafika kwenye chumba cha wanawake wenye vyerehani wanaoshona matundu ya risasi. Kisha kijana Paul Bäumer anajiandikisha jeshini kwa furaha, anapewa sare, na ndani ya kola anakuta kitambaa chenye jina la mtu mwingine. Anarudi kuuliza. Ofisa analibandua jina, anasema pengine ilikuwa ndogo kwa mwenyewe, na kumrudishia. Kwa dakika chache hizo kiwanda cha vita kimeonyeshwa kinavyofanya kazi, malighafi ikiingia upande mmoja.

Swali linalofuata ni la nani anakufa. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliolelewa na mikanda ya video ya miaka ya 1980 na 1990 wanaijua kanuni ya zamani: steringi hafi. Risasi elfu zinamkosa, naye kwa risasi moja anaangusha watatu. Kanuni hiyo peke yake ni hoja ya kuunga mkono vita hata kama hakuna anayeitamka, kwa kuwa inamwambia kijana kwamba kifo ni cha wengine. Paul wa Milestone anakufa siku tulivu, baada ya kunyoosha mkono nje ya handaki kumgusa kipepeo. Mkono unaoonekana ni wa Milestone mwenyewe. Paul hafi akiokoa kikosi, wala hafi akiteka kilima. Kifo chake hakimnunulii mtu yeyote kitu chochote, na hapo ndipo filamu inapopingana na kila hotuba ya mwalimu wake.

Mfano wa kusikitisha wa kanuni hii ni Rambo, jina ambalo hata asiyewahi kuingia kibanda cha video analijua. Filamu ya kwanza, First Blood ya 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff, ni malalamiko ya askari aliyetumiwa na kutupwa. John Rambo, aliyepigana Vietnam, anatembea kwa miguu kumtafuta mwenzake wa kikosi na kuambiwa kuwa amekufa kwa saratani iliyosababishwa na kemikali za vitani. Mkuu wa polisi wa mji mdogo anamfukuza kama mzururaji, na kuanzia hapo mambo yanaharibika. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni Rambo hashangilii. Anaketi sakafuni mbele ya kanali wake wa zamani na kulia, akisimulia jinsi rafiki yake alivyoraruliwa na bomu mbele ya macho yake. Katika riwaya ya David Morrell ya 1972 Rambo anakufa. Onyesho la kifo chake lilipigwa picha pia, lakini watazamaji wa majaribio walilikataa, akaachwa hai. Uamuzi huo ulifungua njia kwa filamu ya 1985 inayomrudisha Vietnam kwenda kushinda peke yake vita ambavyo nchi yake ilishindwa. Jina lilibaki lilelile na hoja ikageuzwa kichwa chini miguu juu. Rambo anayekumbukwa na wengi ni huyo wa pili.

Filamu inayofaa kutazamwa polepole kuliko zote kwa mtu anayejifunza kusoma namna hii ni Paths of Glory. Ni mwaka 1916. Jenerali Mireau, aliyeahidiwa cheo, anaamuru kikosi cha Kanali Dax, anayechezwa na Kirk Douglas, kiteke ngome isiyotekeka. Shambulizi linakwama, na baadhi ya askari hawawezi hata kutoka handakini kwa wingi wa risasi. Jenerali anaamuru mizinga iwapige askari wake mwenyewe. Ofisa wa mizinga anakataa bila amri ya maandishi. Jenerali aliyefedheheka anataka watu wauawe kwa kosa la woga, na baada ya majadiliano yanayofanana na kupatana bei sokoni, wanachaguliwa watatu. Nyuma ya riwaya ya Humphrey Cobb iliyozaa filamu hiyo kuna kisa cha kweli: makoplo wanne wa Ufaransa waliopigwa risasi Souain mwezi Machi 1915, na majina yao kusafishwa mwaka 1934, walipokuwa wameshaoza.

Dax anasema mengi mazuri dhidi ya ukatili huu, lakini Kubrick amesema zaidi kwa mpangilio wa mahali. Handakini kamera inarudi nyuma mbele ya Dax anayetembea kati ya kuta mbili za udongo, askari wamebanwa pande zote, hakuna pa kwenda isipokuwa mbele. Majenerali wanaishi katika kasri lenye dari za juu na michoro ukutani, ambako watu wanatembea kwa kuzungukazunguka, wakibadili mwelekeo wapendavyo, glasi mkononi. Kesi inaendeshwa katika ukumbi wa kasri hilohilo, juu ya sakafu ya miraba myeusi na myeupe, na washtakiwa wamekalishwa peke yao katikati ya uwanja huo mpana. Mtu aliyewahi kucheza sataranji haambiwi kwamba hao ni vipande vya kutolewa. Hati ya mashtaka haisomwi, na hakuna anayeandika kinachosemwa.

Kuna pia mambo mawili madogo ambayo hayamo katika hoja yoyote ya Dax. Usiku wa mwisho, mmoja wa wafungwa anamwona mende mezani na kusikitika kwamba kesho mdudu huyo atakuwa hai na yeye hayupo. Mwenzake anamponda mende kwa kiganja. Asubuhi, mfungwa mwingine aliyevunjika fuvu na kupoteza fahamu analetwa kwenye nguzo juu ya machela, na amri inatolewa afinywe mashavu ili awe macho wakati wa kupigwa risasi. Filamu haiongezi neno. Halafu ipo siri kubwa zaidi ambayo wengi huigundua baada ya kutazama mara ya pili: katika filamu yote ya vita dhidi ya Wajerumani haonekani askari hata mmoja wa Kijerumani. Mjerumani pekee ni msichana mateka anayesukumwa jukwaani mwishoni ili askari wa Ufaransa wamdhihaki. Anaanza kuimba, kelele zinapungua, na wanaume walewale wanaanza kuufuatisha wimbo wasioujua maneno yake huku machozi yakiwatoka. Adui ametafutwa filamu nzima na alipopatikana akawa binti mwenye hofu. Aliyewaua wale watatu yuko kasrini anakunywa kifungua kinywa.

Sikio nalo lina kazi yake. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya 1998, inafunguka na kufunga kwa bendera ya Marekani na kwa jumla inaheshimu kafara ya askari waliotua Normandy. Mwishoni mwa lile shambulizi la kutisha la ufukwe wa Omaha, askari wawili waliovaa sare za Kijerumani wanatoka wakiwa wameinua mikono, wanasema kitu kwa haraka. Wamarekani wawili wanawapiga risasi na kufanya mzaha. Hakuna maandishi ya tafsiri chini ya picha. Anayejua Kicheki, hata hivyo, anasikia kwamba wale watu wanaomba wasipigwe, wanasema wao si Wajerumani bali Wacheki, na kwamba hawajamuua mtu. Walikuwa miongoni mwa watu wa mataifa yaliyokaliwa ambao waliingizwa kwa nguvu katika jeshi la Hitler. Spielberg amemweka mtazamaji wa kawaida katika nafasi ya yule Mmarekani mwenye bunduki: haelewi, na kwa kutoelewa anaona kilichotokea ni sawa tu. Kumbe filamu moja inaweza kubeba sifa na shutuma kwa pamoja, na ni kosa kuitaka ichague.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja watazamaji wa Kiswahili waliozoea filamu zinazosimuliwa upya na mafundi kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya. Ufundi wao ni wa hali ya juu, na umewafungulia filamu za nje watu ambao lugha iliwafungia mlango. Lakini msimulizi huishi kwa kujaza kila upenyo kwa maneno, vichekesho na majina ya mtaani, na filamu ya kupinga vita mara nyingi imeweka hoja yake katika ule upenyo. Kimya kikizibwa, hoja huondoka nacho.

Ugumu mkubwa kuliko wote ni kwamba vita hupendeza machoni. Moto, ngurumo, kasi na watu wanaokwenda pamoja kwa hatua moja ni vitu ambavyo kamera inavipenda kwa asili yake. Mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut alimwambia mhakiki Gene Siskel wa Chicago mwaka 1973 kwamba hajawahi kuona filamu inayopinga vita kweli. Kila filamu kuhusu vita, kwa maoni yake, huishia kuvipigia debe. Apocalypse Now inampa haki kwa kiasi fulani. Helikopta zinakuja kutoka baharini zikipiga kwa vipaza sauti muziki wa Wagner, na mapigo ya moyo ya mtazamaji yanapanda, apende asipende. Kabla ya hapo Coppola amekata picha ghafla na kuonyesha kijiji kitulivu, watoto wa shule wakitolewa nje na walimu wao. Sababu ya kushambulia nayo imeshatajwa: ofisa anayeongoza anataka ufukwe wenye mawimbi mazuri ya kuchezea ubao wa kuteleza. Vyote viwili vimewekwa pale ili kumwaibisha anayeshangilia. Katika kumbukumbu zake za 2003, ambazo Sam Mendes alizigeuza filamu ya Jarhead mwaka 2005, aliyekuwa askari Anthony Swofford anaeleza jinsi wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakisubiri kupelekwa vita vya Ghuba walivyozitazama filamu za Vietnam kwa hamasa, na katika Jarhead wanalishangilia onyesho lilelile la helikopta. Coppola mwenyewe amewahi kusema haoni kama yake ni filamu ya kupinga vita, akatoa mfano wa filamu anayoona inastahili jina hilo: The Burmese Harp ya Mjapani Kon Ichikawa, ya 1956. Humo askari aliyevaa kanzu ya mtawa wa Kibudha anakataa kurudi kwao na kubaki Burma akizika maiti. Mapigano ni machache. Kazi inayoonyeshwa ni ya kuchimba.

Burma hiyohiyo inafungua swali ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawakulipa uzito wake kwa miaka mingi: nani hayumo kwenye picha? Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakasonga bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944 na kufika mto Chindwin mwezi Desemba. Hollywood ilipotoa Objective, Burma! mwaka 1945, ikiwa na Errol Flynn na askari wa miavuli wa Kimarekani, Waingereza walikasirika kwa kufutwa katika vita vyao, hadi filamu ikaondolewa kwenye kumbi za Uingereza. Askari wa KAR walikuwa wamefutwa vilevile.

The African Queen ya John Huston, ya 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo, inaanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Askari wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji, na baada ya hapo wenyeji wanatoweka, nafasi yote ikachukuliwa na mapenzi ya Wazungu wawili ndani ya mashua na mpango wao wa kuzamisha meli ya Wajerumani ziwani. Meli iliyochochea hadithi hiyo ni Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kuanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na soko la Kariakoo bado linabeba jina la kikosi chao. Filamu inaweza kuwa na ucheshi mwingi na mapenzi matamu, na bado ukimya wake kuhusu watu hao ukawa ni msimamo. Jean Renoir, katika La Grande Illusion ya 1937, alifanya jambo la busara zaidi. Kati ya wafungwa wa Kifaransa yumo ofisa Mwafrika anayechora picha kwa uangalifu mkubwa. Anawaonyesha wenzake. Wanaitupia jicho na kuendelea na mazungumzo yao. Ni sekunde chache tu katika filamu inayosifiwa kwa undugu unaovuka mipaka ya mataifa, na zinaonyesha undugu huo unaishia wapi.

Jibu kamili la Afrika lilitoka Senegal. Ousmane Sembène, aliyetumikia mwenyewe jeshi la kikoloni la Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, alitengeneza pamoja na Thierno Faty Sow filamu ya Camp de Thiaroye mwaka 1988, kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila senti ya Ulaya. Inasimulia yaliyotokea karibu na Dakar Desemba 1, 1944, ambapo askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa na kufungwa na Wajerumani walidai malipo yao, na jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Ufaransa kwa miaka mingi ilitaja vifo 35. Wanahistoria wengi wanaamini waliouawa ni wengi zaidi, na Novemba 2024 Rais Emmanuel Macron alikiri kwa maandishi kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki ya askari hao. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji Venice, lakini Ufaransa haikuonyeshwa kwa takriban miaka kumi.

Sembène anajenga shutuma yake kwa mavazi. Askari wanarudi wamevaa kombati za Kimarekani, wanaonekana kama watu walioshinda vita. Kambini wanavuliwa na kupewa tena sare za kikoloni na tarbushi nyekundu. Fedha zao za Kifaransa zinabadilishwa kwa nusu ya thamani. Kati yao yumo Pays, aliyepoteza usemi baada ya kufungwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald, na anayevaa kofia ya chuma ya askari wa Hitler bila kuivua. Anapofika Thiaroye, anaitazama seng'enge na minara ya walinzi kama mtu aliyerudishwa alikotoka. Wenzake wanamhurumia, wanaona akili yake imebaki Ujerumani. Usiku wa mwisho, baada ya jenerali kuahidi kwa heshima yake kwamba watalipwa sawasawa, Pays anaviona vifaru vikija. Anakimbia kuwaamsha wenzake kwa ishara na milio. Hakuna anayemwamini, kwa kuwa hakuna anayeweza kuamini kwamba mkombozi wa Ulaya atafanya alichofanya Mnazi. Mwendawazimu wa kambi ndiye peke yake aliyeisoma hali sawasawa. Hoja hii, kwamba ukoloni na unazi ni watoto wa nyumba moja, isingeweza kusemwa na mhusika yeyote bila kugeuka mahubiri. Kofia moja inaibeba filamu nzima, na mtazamaji anaielewa akiwa ameshachelewa, kama walivyochelewa wao. Kisha Sembène anaonyesha kundi jipya la vijana wa Kiafrika likipanda meli kwenda Ulaya.

Dakika za mwisho za filamu yoyote ya vita zinastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu hapo mwongozaji hawezi tena kujificha. Elem Klimov alisubiri miaka kadhaa kabla ya wakubwa wa filamu wa Kisovieti kumruhusu kutengeneza Come and See, iliyotoka 1985. Flyora, mvulana wa Belarus anayeokota bunduki mchangani na kwenda msituni kwa bashasha, anazeeka usoni mbele ya kamera kadiri anavyoshuhudia. Mwishoni ana makunyanzi ya babu. Anaiona picha ya Hitler kwenye matope na kuifyatulia risasi. Kwa kila risasi historia inarudi nyuma: majengo yanainuka kutoka kwenye vifusi, majeshi yanatembea kinyumenyume, Hitler anakuwa kijana, anakuwa mtoto mchanga kwenye mapaja ya mama yake. Hapo Flyora anashindwa kufyatua. Filamu iliyojaa ghadhabu ya haki kabisa, na inayomwambia mtazamaji kwamba vijiji 628 vya Belarus viliteketezwa pamoja na watu wake, inakataa kumpa mwathirika kisasi kinachofika kwa mtoto. Mtu aliyetoka ukumbini dakika tano kabla ameona filamu nyingine.

Tafsiri ina mipaka yake pia. Ishara moja haitoshi. Buti zinaweza kuwa buti tu, na mtu anayetafuta siri kila mahali huishia kujitazama mwenyewe kwenye kioo. Tafsiri hupata nguvu pale vitu viwili au vitatu ndani ya filamu vinapoelekea upande mmoja, au pale historia ya kutengenezwa kwake inapoiunga mkono. Kauli ya mwongozaji ni ushahidi, ingawa haimalizi kesi. Isao Takahata wa Japani alitoa Grave of the Fireflies mwaka 1988, filamu ya katuni kuhusu mvulana Seita na mdogo wake Setsuko wanaokufa njaa baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu mwaka 1945. Ulimwengu mzima uliiita filamu ya kupinga vita. Takahata, aliyenusurika akiwa mtoto wa miaka tisa katika shambulizi la mabomu la Okayama, alikataa jina hilo mara nyingi. Alisema kuonyesha mateso hakuzuii vita, kwa kuwa wanasiasa huyatumia mateso hayohayo kuwaambia wananchi wajihami yasije yakawapata tena. Filamu ya kuzuia vita ingepaswa kuonyesha jinsi vita vinavyoanza.

Hoja yake ni nzito, na wengi wanaolia mbele ya filamu hiyo wangefaa kuisikia. Lakini filamu aliyoitengeneza ina zaidi ya mateso. Baba yake Seita ni ofisa wa jeshi la wanamaji, na mvulana anaikumbuka kwa fahari siku ya gwaride la manowari. Anamwandikia baba yake barua na kungoja jibu, akiamini kwamba meli zile haziwezi kushindwa. Wakati wote huo akiba ya mama yake ipo benki, mdogo wake anakonda. Anapokwenda hatimaye kuzitoa fedha ndipo anaposikia kwa watu kwamba Japani imeshasalimu amri na manowari zote zimezama. Imani iliyomfanya mtoto wa watu angoje meli badala ya kununua mchele ndiyo imani iliyolipeleka taifa zima vitani, na Takahata ameichora, picha kwa picha, ndani ya filamu aliyosema haionyeshi vita vinavyoanza.